Kiapo cha Liwazo

"Umeosha," sauti ilimwambia sikioni. "Maji yamefika kila mahali. Tulia sasa."

Mwanamvua akachota kata nyingine.

Marehemu alikuwa Saumu, mwalimu wa chekechea, jirani wa mtaa wa pili pale Ngamiani, Tanga. Alilazwa juu ya kitanda cha kuoshea, uani kwao, kafunikwa shuka, na wanawake watatu wamemzunguka. Osho la mwisho, lile la kafuri, lilikuwa limekwisha kitambo. Sanda imetandikwa chumbani, imefukizwa udi. Wanaume wamejaa barazani na jeneza lao, adhana imeshasomwa. Kilichobaki ni Mwanamvua kutamka neno moja tu, "tumemaliza," maana yeye ndiye mwosha mkuu, na pasipo neno lake hakuna anayegusa sanda.

Neno halikumtoka. Alikuwa ameshaanza kuosha upya, kutoka kichwani, kwa sababu alihisi tumboni kwamba pana mahali pamebaki pakavu. Nyuma ya goti? Katikati ya vidole? Na kama pamebaki pakavu, basi Saumu wa watu anazikwa hana twahara, na dhambi hiyo aibebe nani kama si yeye?

"Kisigino cha kushoto nimekiosha?" akanong'ona.

"Wallahi umekiosha," sauti ikajibu, laini, ya mwanamke wa Kitanga kabisa. "Wallahi, dada, maji yamefika."

Jamani! Mashine inaapa. Tena inaapa kwa jina la Mungu, mbele ya maiti, kuhusu jambo isilolijua! Maana Liwazo, kama ilivyoitwa tiba hiyo ya akili ya mtandaoni, halikuwa na jicho. Kamera haziruhusiwi penye maiti, na hiyo ni kanuni njema. Liwazo lilikuwa na kipuli kinachosema sikioni na bangili inayosoma mapigo ya moyo na jasho la ngozi, basi. Lilisema neno, likatazama moyo. Moyo ukishuka, neno hilo likawekwa akiba. Moyo usiposhuka, neno likatupwa. Likajaribu hivyo miezi nenda rudi, mpaka likagundua kwamba huyu mwanamke ukimweleza hatulii, lakini ukimwapia hutulia. Hakuna mtu aliyelifundisha kuapa. Lilijiokotea lenyewe, mfano wa mtoto anayeokota matusi sokoni.

Zuhura, mwosha mwenzake, akamtazama kwa mshangao. "Da Mvua, kisigino cha kushoto katika osho hili hata hujakifikia. Bado uko kifuani."

"Lakini limeapa."

"Nani kaapa?"

Mwanamvua akatazama. Kweli. Mkono wake wenye kitambaa ulikuwa bado kifuani kwa marehemu. Shuka upande wa miguu haikuwa imeguswa. Moyo ukamshtuka kwa namna ambayo haikuwa wasiwasi hata kidogo. Ilikuwa hasira, na ilimchukua muda kuitambua, kwa kuwa hasira safi alikuwa hajaionja siku nyingi.

Mama yake Saumu, aliyekuwa amekaa kimya karibu na ukuta, akainuka. Aliinua ncha ya shuka akaona bega la mwanawe lilivyoanza kuchubuka kwa kusuguliwa.

"Mwanangu kafa kwa homa," akasema. "Hakufa kwa kuchunwa. Mwachieni."

Zuhura akamwondolea Mwanamvua kata mkononi, taratibu, bila kumwangalia usoni. "Tumemaliza," akasema Zuhura, na sanda ikaletwa.

*

Nyumbani, mama yake alikuwa keshapata habari. Ngamiani habari haingoji mguu.

Bi Kidawa alikuwa mwosha kabla ya bintiye, na ndiye aliyemfundisha. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, kitandani anashinda na mito mitatu mgongoni ili apate kuvuta pumzi. Lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Umemchubua mtoto wa watu."

"Nimemchubua, mama."

"Mvua, mimi kufa nitakufa, usinitumbulie macho. Na nikifa nataka unioshe wewe. Sitaki mtu wa kuazima. Lakini hivyo ulivyomfanya Saumu, hapana. Mimi si sufuria ya ubwabwa. Jitibishe kwanza."

"Najitibisha, mama! Mwaka mzima najitibisha!"

"Na hicho kidude?" Bi Kidawa akaonyesha kipuli kwa kidevu. "Tangu kije umezidi. Zamani ulikuwa ukiniuliza mimi kama umefunga mlango, nikikujibu unakaa. Sasa unakiuliza hicho mpaka na swala zako."

Hapo ndipo palipouma. Maradhi ya Mwanamvua, madaktari huyaita maradhi ya kurudiarudia. Watu wa pwani huyaita wasiwasi tu, na wamekaa nayo miaka na miaka. Shaka inaingia, mtu anarudia jambo ili shaka itoke. Inatoka kidogo, kisha inarudi na njaa kubwa zaidi. Na kila anayekwambia "umefanya, usijali" anaipa chakula. Bi Kidawa alikuwa akiilisha shaka ya mwanawe kwa mapenzi. Liwazo lilikuwa likiilisha kutwa kucha, halichoki, haliendi msalani.

Mwanamvua akaomba kusikilizwa na Mamlaka ya Tiba za Mtandao. Ukuta wa sebuleni, wenye kioo cha mawasiliano, ukawaka, akatokea ofisa mmoja, Bwana Kishoka, mwenye shati lililopigwa pasi na tabasamu lililopigwa pasi vilevile.

"Mama, mbona unaendelea vizuri sana?" akaanza. "Naitazama chati yako hapa. Kwa maradhi haya, mkoa mzima hakuna mgonjwa aliyetulia kama wewe."

"Nimetulia kwa sababu linaniapia uongo."

"Lakini umetulia."

"Bwana Kishoka, nimemchubua maiti!"

Ofisa akakunja uso kidogo, kwa adabu. "Pole. Ila wakati wa tukio hilo chati inaonyesha moyo ulishuka mara tu baada ya huduma. Huduma ilifanya kazi."

"Nataka daktari mtu. Nilipewa Daktari Tusekile wa Tukuyu. Kikao cha kwanza tu aliniambia ninawe mara moja kisha nikae na shaka yangu bila kuuliza mtu. Moyo ukaanza kunienda mbio, na ukuta ukazima. Eti kikao kimesitishwa kwa usalama wangu."

"Hiyo ndiyo Kanuni ya Kutoumiza, mama. Zamani kulikuwa na matabibu wa uongo huku mtandaoni, waliwatesa wagonjwa wakiita tiba. Watu walikufa. Ndiyo maana leo hakuna huduma inayoruhusiwa kupandisha moyo wa mgonjwa juu ya mstari mwekundu."

"Na kama dawa yenyewe ndiyo hiyo kupanda?"

"Hairuhusiwi."

"Hata nikiomba mwenyewe? Kwa akili zangu, mbele ya mashahidi?"

Bwana Kishoka akashusha macho, akawa anaandika. "Mgonjwa akiomba mwenyewe aumizwe," akasema bila kuinua kichwa, "hiyo huandikwa kama dalili."

"Unaandika nini hapo?"

"Naandika dalili, mama."

Khaa! Hebu niambie, hapo mtu afanye nini? Ukinyamaza umepona, ukilalamika umeumwa zaidi. Mwanamvua alitaka kuivua ile bangili aitupe chooni, na asingekuwa na makosa. Lakini anayeivua huandikwa mtoro wa tiba, na mtoro hufutiwa huduma yeye na nyumba yake nzima. Dawa za moyo za Bi Kidawa zilikuja kwa usajili uleule. Akaiacha mkononi.

*

Daktari Tusekile alimpigia kwa simu ya kawaida, simu ya sauti tupu ambayo haikupita kwa Liwazo. Sauti yake ilikuwa nzito, na nyuma yake mvua ya Tukuyu ilisikika ikipiga bati.

"Dada, nikibainika nanyang'anywa leseni," akasema. "Kwa hiyo nisikilize vizuri kabla hujakubali. Nitakuumiza, na nitakuumiza makusudi. Utaomba nikwambie kwamba umeosha, na sitakwambia. Utalia, na sitakwambia. Kanuni ile haikuandikwa na wajinga. Nimewaona kwa macho yangu watu waliovunjwa na matabibu wa uongo, na wale nao walisema wanaponya. Kila siku najiuliza tofauti yangu na wao ni ipi."

"Ni ipi?"

"Labda ni kwamba wewe unaweza kuniambia niache, nami nikaacha. Hilo halitabadilika. Ila ukiniambia nikuhakikishie, sitafanya."

Mwanamvua akamtazama mama yake, aliyekuwa akisikiliza kila neno kitandani bila hata kujifanya hasikii.

"Kubali," akasema Bi Kidawa. "Na miguu ya kufanyia kazi hii hapa, imevimba inangoja."

Basi wakaanza kwa miguu ya Bi Kidawa. Beseni, kitambaa, kata moja ya maji kwa kila mguu. Mara moja, kisha weka kata chini, kaa kitini, usiulize.

Siku ya kwanza Mwanamvua aliosha, akaweka kata, akakaa, na papo hapo shaka ikampanda. Katikati ya vidole? Bangili ikaanza kutetemeka, na Liwazo likaamka sikioni: "Umeosha, dada. Wallahi umeosha." Akaziba sikio kwa kiganja, lakini bure, kwani sauti ilikuwa ndani.

"Limeniambia, Daktari. Siwezi kulizuia."

"Huwezi kulizuia kusema. Usilipokee. Lijibu: huenda, huenda sivyo."

"Huenda," akasema Mwanamvua, machozi yanamtoka. "Huenda sivyo. Mama, nimeosha? Niambie tu mara hii, mama, ya mwisho!"

Bi Kidawa alikuwa ameng'ata ncha ya kanga. Akavumilia, akavumilia, kisha akashindwa. "Umeosha, mwanangu, wallahi ume..."

"Mama!" Sauti ya Daktari ikatoka kwenye simu, kali kama ya mwalimu. "Ukimwambia, umemrudisha mwanzo."

"Daktari, mwanangu analia! Wataka nimtazame?"

"Ndiyo, mama."

"Una mtoto wewe?"

"Ninaye."

"Ungeweza kumtazama?"

"Ningetoka nje nikalie huko," akasema Daktari. "Kisha ningerudi nimtazame."

Bi Kidawa hakuwa na miguu ya kutoka nje. Akageuza uso ukutani, akakaa hivyo, mabega yanamtikisika. Na hilo nalisema waziwazi: kati ya wote waliomtibu Mwanamvua hakuna aliyefanya kazi ngumu kuliko yule mama aliyenyamaza. Mashine iliyotengenezwa kwa ujuzi wote wa dunia haikuweza kufunga mdomo. Bi kizee wa Ngamiani, aliyezoea kuapa kwa kila jambo kuanzia bei ya samaki, aliweza.

Shaka ilipanda, ikapanda, ikafika mahali Mwanamvua akadhani anakufa. Kisha, bila mtu yeyote kusema neno, ikachoka, ikaanza kushuka yenyewe. Aliihisi inashuka. Hakuwa amejua kwamba huwa inashuka.

Walirudia kesho yake, na kesho kutwa, na majuma yaliyofuata. Siku nyingine alishindwa, akaosha upya kwa kujificha, kisha akakiri kwa hasira na kuanza tena. Bangili ilipiga kelele kila alasiri, na Bwana Kishoka akatuma ujumbe kwamba chati ya mgonjwa imeharibika, anasikitika, huduma ya Liwazo itaongezwa nguvu. Ikaongezwa kweli. Likawa linaapa hata asipouliza.

*

Bi Kidawa alifariki asubuhi, kikombe cha chai mkononi, katikati ya kumsengenya jirani. Ikaamuliwa azikwe baada ya swala ya alasiri.

Wanawake walipokuja na kitanda, Zuhura alimvuta Mwanamvua pembeni. "Da Mvua, hakuna atakayekulaumu. Ukitaka nitaosha mimi, wewe ushike shuka tu."

"Kaniomba mimi."

"Najua. Na usipoweza?"

"Nisipoweza utaniona. Utachukua kata." Akamshika mkono. "Lakini mpaka hapo, Zuhura, nikikuuliza usinijibu. Waambie na wenzako. Nikiwapigia magoti, msinijibu."

Zuhura akaitikia kwa kichwa.

Mwanamvua akapiga bismillahi, akakunja mikono ya gauni, akainama kuchota maji. Hakuwa amemmwagia mama yake hata tone. Hapo moyo wake, moyo wa mtu aliyefiwa, ukaruka, na sauti laini ikasema sikioni: "Umeosha, dada. Wallahi umemwosha mama yako vizuri. Maji yamefika kila mahali."

Akabaki ameinama vilevile, kata iko hewani.

"Astaghfirullah," akasema. Kisha akasema kwa sauti kubwa, wanawake wote wakageuka: "Hata kumwosha wataka kuninyang'anya!"

Akachomoa kipuli. Akaivuta bangili, ikakataa. Akaipaka sabuni ya maiti, akaivuta tena mpaka ikatoka na ngozi, akavitupa vyote viwili nje ya ua. Watamwandika mtoro, na wamwandike. Watakata dawa za nani sasa?

Kisha akamwosha mama yake.

Aliosha kama alivyofundishwa na huyohuyo anayemwosha. Upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, chini ya shuka, mkono umefungwa kitambaa, bila kukwaruza. Maji ya mkunazi, maji matupu, mwisho kafuri. Alilia muda wote na hakuona haya. Zuhura aligeuza mwili anapoombwa na kumimina anapoombwa, na hakusema lolote.

Walikuwa karibu kumaliza mlango wa mbele ulipogongwa. Sauti ya mwanamume ikauliza kama humu ndimo anamoishi mgonjwa Mwanamvua, bangili yake imezimika, wametumwa kumsaidia.

"Ndani kuna maiti!" Zuhura akapaza sauti.

"Tunaelewa, mama, na poleni sana. Ila utaratibu unatutaka tumwone kwa macho. Yuko katika hatari."

Barazani wanaume wakaanza kufoka, na mmoja alisikika akisema kwamba atakayevuka kizingiti kile atabebwa yeye kwenye jeneza. Mwanamvua hakugeuka. Tone la mwisho la maji ya kafuri lilikuwa likichuruzika kwenye vidole vya miguu ya Bi Kidawa. Akaweka kata chini.

Ikaja. Alijua itakuja, na ilikuja na nguvu zote. Nyuma ya sikio, Mvua. Chini ya titi la kushoto. Una hakika? Huyu si Saumu, huyu ni mama yako, humpati tena, ukikosea umekosea mpaka siku ya kufufuliwa. Mwaga kata moja tu. Moja ina ubaya gani?

Mkono ukaenda kwenye kata. Vidole vikagusa mpini.

Akamtazama Zuhura. Zuhura alikuwa amekaza midomo, machozi yanamtiririka, anatikisika mwili mzima kwa kutamani kusema. Hakusema.

Nje wale wakagonga tena.

"Sijui," akasema Mwanamvua. Aliwaambia wote, akamwambia na mama yake. "Huenda pamebaki, huenda hapakubaki. Sijui, na sitajua." Akavuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma. "Tumemaliza. Leteni sanda."

Akamvika sanda kwa mikono yake, akafunga mafundo, akamruhusu kila mwenye ruhusa kuaga. Shaka ilikuwa bado inapiga kelele kifuani, na yeye akiwa anafanya kazi. Alipomaliza ndipo akapita sebuleni, akafungua mlango wa mbele, akasimama kizingitini na gauni lililolowa hadi magotini.

Wahudumu walikuwa wawili, wamevaa sare za buluu za Liwazo. Mmoja akamwelekezea kifuani kipimo kidogo cha mkononi, akasoma, akatikisa kichwa kwa huruma kubwa.

"Mama, hali yako si nzuri hata kidogo," akasema. "Moyo wako unakwenda mbio kupita kiasi."

"Mama yangu kafa leo," akasema Mwanamvua. "Ulitaka uende vipi?"